Mwanafunzi Mwenye Ndevu

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, na hata ningejua nisingeanzia huko. Nitaanzia mgongoni mwake, maana ndiko tulikomtambulia kwa mbali. Mwanamume mrefu, ndevu rangi ya nyasi za kiangazi, anakuja kwa njia ya kijiji chetu cha Mkonze, Ugogo, jua limesimama utosini, mwavuli mkononi, na mgongoni mtoto mchanga amefungwa kwa kaniki kama wanavyofunga mama zetu. Nyuma yake vumbi. Nyuma ya vumbi, wanawake waliotua mitungi ili wacheke vizuri.

Tulimwita Mwanafunzi. Halikuwa jina la utani. Ni yeye mwenyewe aliyejitambulisha hivyo siku alipokuja kupanga upande mtupu wa tembe letu, nyumba ya udongo yenye dari bapa. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na desturi kwamba hakuna mgeni anayelala Mkonze bila kuhojiwa naye. Akamwuliza kazi yake.

"Mimi ni mwanafunzi," alijibu, kwa Kiswahili safi cha pwani ambacho sisi wenyewe tulikisikia kwa wafanyabiashara tu.

Mjomba akamtazama. Akamtazama mkewe, aliyekuwa anajipangusa vumbi usoni kwa ncha ya sketi. Akawatazama watoto wawili waliokaa juu ya sanduku.

"Mwanafunzi wa nani?"

"Wa mwalimu mmoja mkubwa, yuko Ujerumani."

"Amekufa?"

"La, yu mzima."

"Ulimtoroka?"

"La. Yeye ndiye aliyenituma."

"Basi kwa nini hajakuachia?"

Akaeleza kwamba hataachiwa mpaka aandike kitabu juu ya jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliandika, akipeleke kwao, na wazee wa chuo wakae wamhoji. Wakiridhika, watampa cheo cha juu kabisa cha wasomi, na chuo kitampa kazi ya kufundisha. Wasiporidhika, hana kazi.

Kwetu kijana akitoka jandoni amekwisha kufundishwa. Hupakwa mafuta, hupewa fimbo, huambiwa: wewe sasa ni mtu. Kwamba mwanamume anaweza kuoa, akazaa, akaota ndevu, na bado yuko mikononi mwa wakufunzi wake, lilikuwa jambo la kutisha. Hakuna aliyecheka siku ile. Mama alisema taratibu, kwa sauti ya kumwombea, "Labda ni mzito wa kichwa." Tangu siku hiyo akawa anampelekea kibuyu cha maziwa ya mgando kila asubuhi, kama mgonjwa.

Naye, kwa kuwa alifundishwa kwamba shikamoo ni ya mdogo kwa mkubwa, na kwa kuwa alijihesabu mdogo wa wote mpaka ahitimu, alimwamkia kila mtu shikamoo. Alimwamkia mke wangu, niliyekuwa nimemwoa mwaka ule ule, msichana ambaye hata sauti yake kwa wakwe ilikuwa bado haijatoka. Mke wangu akakimbilia ndani. Aliwaamkia wachunga mbuzi. Mjomba akamketisha, akamfundisha kwamba kwetu tunasema mbukwa, na mtu anaitikia, na imekwisha, hakuna anayepungukiwa.

Wakati ule tulikuwa chini ya Wajerumani, na Mjerumani tuliyemjua ni yule wa bomani: wa kodi ya nyumba, wa kiboko, wa kukamata vijana wakabebe mataruma ya reli. Huyu wetu alipoanza kuuliza habari za ng'ombe, basi ng'ombe wote wa Mkonze walitoweka. Ukimwuliza mtu aliyevaa ngozi ya ndama na mkononi ana kibuyu cha maziwa, alijibu kwamba ng'ombe amewahi kuwasikia, wapo, lakini mbali. Hali hiyo iliendelea mpaka siku bwana wa boma mwenyewe alipopita juu ya farasi, akamkuta Mwanafunzi barazani anamenya karanga na mtoto mgongoni. Akamfokea palepale, kwa lugha yao, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hatukuelewa neno. Lakini kufokewa tulikujua. Mwanafunzi alisikiliza ameinamisha kichwa, anamtikisa mtoto asiamke. Bwana wa boma alipoondoka, Mjomba alimsogezea kigoda. "Kumbe na wewe," alisema. Jioni ile ng'ombe walirudi.

Jambo aliloliandika, lile ambalo hakuna mwingine aliyeliandika, lilikuwa hili: Wagogo wakichinja ng'ombe wanagawanaje nyama. Nani anapata nini, na kwa nini. Tulipolisikia tulifikiri anatuficha kazi yake ya kweli. Mtu avuke bahari na mke na watoto kuja kuuliza kidari ni cha nani? Lakini alikuwa hatanii. Aliweza kuutaja mwili wa ng'ombe mzima, kwato hadi pembe, kwa Kigogo, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani. Wakati huohuo hakuweza kuchinja hata kuku. Akiona damu uso wake unabadilika kuwa rangi ya unga wa uwele, na mara moja aliangukia mchongoma, ikabidi wanawake wamtoe miiba mgongoni huku anawauliza, kwa sauti dhaifu, figo zimechukuliwa na nani.

Swali lake kubwa lilikuwa "Kwa nini kiwe chako?" Alimwuliza kila aliyeshika kipande cha nyama. Watu wa Nzuguni, ambako alikuwa hajulikani vizuri, nusura wampige, maana kwao mtu akikuuliza hivyo anakuita mwizi.

Ukimwuliza Mjomba, alieleza kwa utulivu kwamba nundu na kidari ni vya mjomba, maana bila mama hakuna mtoto, na bila mjomba hakuna wa kumtoa mama aolewe. Ukimwuliza Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, alieleza kwa utulivu uleule kwamba mjomba ni mgeni wa heshima, apewe nundu, anyamaze; kidari ni cha upande wa baba, maana ng'ombe kazaliwa zizini mwao. Mama alisema mgongo wote ni wa wanawake. Hakutoa sababu. Halafu alikuwapo mchuuzi mmoja Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu mwenye duka la chumvi na kaniki, ambaye ndiye aliyekuwa anatuchinjia ili na yeye apate kula. Huyo alisema shingo ni ya mchinjaji, na hilo si mila, ni dini.

"Dini gani inayokula shingo nzima?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Nzima ni ya Mungu, mzee wangu. Mimi namtunzia."

Mwanafunzi aliandika yote. Jioni alikuwa akikaa juu ya dari la tembe, miguu inaning'inia, makaratasi magotini, na nyuma yake uwanda wetu umelala mwekundu mpaka Mungu anapoushika pembeni. Nilikuwa nikimtazama kutoka uani. Nikaona namna anavyosoma alichoandika jana, anatikisa kichwa, anakifuta. Kila aliyemwuliza alimpa ng'ombe mwingine. Na mwalimu wake Ujerumani alikwisha kumwonya: asilete maneno ya watu, alete sheria. Sheria moja.

Tena muda wenyewe ulikuwa wa kuhesabiwa, na hapa nieleze habari ya mkewe.

Tulimwita Mama Karli, kwa jina la mtoto wao mkubwa. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu anayekanda, na alipojifungua mtoto wa tatu palepale tembeni, mama yangu ndiye aliyempokea. Tukamwita mtoto Masika, kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa inapiga dari. Mama Karli hakuuliza kwa nini juu ya chochote. Aliona, akafanya. Alijifunza kupika mlenda kwa kutazama tu, na mumewe aliyekuwa akiandika ukurasa mzima juu ya mlenda hakuweza kuumeza bila kufumba macho. Kumbeba mtoto ilikuwa amri yake. "Wewe unazungumza na wazee," alimwambia mbele yetu, "na kuzungumza ni kwa mdomo. Mgongo wako hauna kazi." Mke wangu, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alianza kuutazama mgongo wangu kwa namna ambayo sikuipenda.

Kabla hawajaondoka kwao, wawili hawa walikuwa wamepatana. Karli aking'oka jino la kwanza, wakati wa shule umefika. Siku hiyo Mama Karli anafunga mizigo na kurudi na watoto, kitabu kiwe kimekwisha au hakijakwisha. Mumewe akitaka kubaki, abaki peke yake. Mwanafunzi alipokubali, mtoto alikuwa na umri wa kuchezea udongo, na jino lilionekana kama jambo la vizazi vijavyo.

Sasa Karli alikuwa mkubwa. Aliongea Kigogo kuliko Kijerumani, aliruka pamoja na watoto wa ukoo wetu ngomani, na jino lake la mbele, la chini, lilikuwa linacheza.

Mkonze nzima ilijua. Karli alikuwa akipita watu wanamwambia fungua mdomo. Wengine walikuwa upande wa baba, wengine upande wa mama. Baba yake alimkataza muwa, mahindi ya kuchoma, na mifupa. Alimkatia ugali vipande vidogo kwa kisu, mtoto wa kiume mzima, mbele ya wenzake. Kila asubuhi alimshika kidevu, akaligusa lile jino kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa nyumba ya nyigu. Mama yangu, aliyempenda Mama Karli kuliko alivyonipenda mimi, alikuwa anampa mtoto karanga mbichi kwa siri.

"Mama, unamharibia mwenzio masomo," nilimwambia.

"Namsaidia Mama Karli, mtoto wa watu, arudi kwa mama yake," alisema. "Huyu mwanaume masomo yake hayana mwisho. Jino lina mwisho."

Ndipo Mjomba alipoita wazee.

Watu wasio wa kwetu huenda wasielewe uzito wa jambo hili. Kwetu shauri likiitwa, wazee hukaa mpaka neno liwe moja. Haihesabiwi mikono. Hukaa, husema, hunyamaza, hutema tumbaku, mpaka hakuna aliyebaki na la kupinga. Na likishakuwa moja, hakuna ruhusa ya mtu kwenda kusema lake pembeni. Nilikuwapo kwa sababu nilibeba kigoda cha Baba Mkubwa.

"Mtoto wa watu anafeli," alisema Mjomba, "na anafeli kwa ajili yetu. Tumemchanganya. Huyu akirudi kwao bila kuhitimu, watauliza alikuwa anakaa na nani."

"Watasema Wagogo wamemharibu," alisema Baba Mkubwa.

"Watasema."

Wakakaa. Mchana ulipinda, kivuli cha tembe kikatufikia miguuni, na neno likawa moja. Nundu kwa mjomba. Kidari kwa upande wa baba. Shingo kwa mchinjaji. Mgongo kwa wanawake. Mjomba alikiachia kidari mbele ya mashahidi, na nilimwona akifumba macho alipokitamka. Sijapata kuona heshima kubwa kama ile akipewa mgeni.

Kesho yake Mwanafunzi alizunguka Mkonze kama mtu aliyeota mabawa. Kila aliyemwuliza alimpa ng'ombe yuleyule. Aliwauliza vikongwe, wakamjibu. Aliwauliza vijana tuliokuwa tunajenga zizi, tukamjibu. Mrangi alimjibu kabla hajaulizwa. Alirudi nyumbani anakimbia, Masika anarukaruka mgongoni, na ndani ya muda mfupi kitabu kikaisha: sheria moja, nzuri, imenyooka kama reli.

Mama Karli alikuwa anachambua mtama. "Wanasema sawasawa mno," alisema, bila kuinua macho. "Kama watoto wa shule waliofundishwa wimbo."

"Ndiyo maana ya sheria," alijibu mumewe, akacheka, akaenda kununua ng'ombe.

Hilo ndilo kosa lake. Alitaka kutushukuru. Alinunua fahali mwekundu mwenye nundu iliyolala upande, akamkabidhi kwetu, achinjwe, tule pamoja kabla hajaondoka. Na sisi, kwa furaha, hatukufikiri.

Mrangi alichinja. Mwanafunzi alisimama mbali, amegeuza uso, mpaka ngozi ilipoondoka na damu ikafunikwa mchanga; ndipo akaja na makaratasi yake kuona kwa macho yake sheria ikitembea. Nundu ilikwenda kwa Mjomba. Alitabasamu, akaweka alama. Shingo ilikwenda kwa Mrangi. Alama. Kikatolewa kidari, kinene, kimefunikwa mafuta ya manjano kama asali ya masega, na Mjomba akanyoosha mkono akakishika.

Baba Mkubwa akakishika upande wa pili.

"Shemeji," alisema Baba Mkubwa.

"Shemeji," alisema Mjomba.

Hakuna aliyevuta, hakuna aliyeachia. Mwanafunzi akasogea, sauti yake imekuwa ndogo. "Mjomba, samahani. Mlisema kidari ni cha upande wa baba."

"Tulisema."

"Nyote mlisema."

"Mwanangu," alisema Mjomba kwa upole mkubwa, bila kulegeza vidole, "yale yalikuwa masomo yako. Hii ni nyama."

Baada ya hapo sikumbuki mpangilio wake. Upande wa baba ulikuja, upande wa mama ukaja. Mama alitumia nafasi hiyo kuondoka na mgongo mzima na sehemu ya paja. Baba Mkubwa alisema neno juu ya mahari ya zamani ambalo halikupaswa kusemwa mbele ya watoto. Mrangi, aliyekwisha kuweka shingo yake kikapuni, aliwasihi watu wamwogope Mungu huku akirudi nyuma kuelekea dukani. Na katikati ya kelele zile Mwanafunzi alisimama na mtoto mgongoni, kalamu mkononi, haandiki. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Alikuwa anatazama ng'ombe wa kweli, na kitabu chake kilikuwa kimekwisha.

Karli akapenya kati ya miguu ya watu. Mkono mmoja ulikuwa na ubavu wa kuchoma aliopewa na mama yangu. Kwenye kiganja cha mkono wa pili, katikati ya damu kidogo, lilikuwa jino. Alimwonyesha baba yake kwa fahari.

Mwanafunzi alilichukua, akalitazama, akambusu mtoto kichwani. Mama Karli alikuwa amekwisha kuingia ndani. Tulisikia sanduku likiburutwa.

Tuliwasindikiza mpaka stesheni ya Dodoma. Kitabu kilikuwa mkobani, sheria ikiwa imenyooka vilevile, na sisi sote tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua. Mjomba alimshika mkono kwa muda mrefu. "Wape hicho," alimwambia. "Wao hawali nyama yetu."

Mwanafunzi akapanda garini. Moshi ukamchukua.

Zilipita mvua kadhaa. Mtoto wangu alikwisha kutembea, na nakiri kwamba alijifunza kutembea kwa sababu ya kuuchoka mgongo wangu. Siku moja nilipeleka ngozi stesheni, kuziuza kwa Mhindi anayepakia kwenye gari moshi, na karani wa mizigo aliyesimama kwenye mizani, kofia imerudi kisogoni, penseli sikioni, aliinua ndevu zake akaniambia, "Mbukwa."

Nilisahau kuitikia. Nikamwuliza kama alihitimu.

"Twende ule," alisema. "Utaisikia kwa wote."

Walikaa nyumba ndogo ya reli, mabati yanalia kwa joto. Mama Karli alikuwa anapakua kuku. Alinishika mikono yote miwili, akauliza habari za mama kwanza, ndipo akaniketisha pamoja na watoto watatu, wote wamekuwa warefu, Karli amejaa meno.

Mwanafunzi alisimulia. Mwalimu wake alikipenda kitabu. Wazee wa chuo walikisifu, mmoja alisema kimenyooka. Siku ya kuhojiwa walimuuliza mchana kutwa naye akajibu, na mambo yakaisha vizuri, wameanza kufunga makoti yao. Ndipo mwalimu wake, kwa kutaka tu kumpa mwanafunzi wake nafasi ya mwisho ya kung'aa, akamwuliza: na mgawo huo, uliushuhudia kwa macho yako?

"Ungesema ndiyo," nilisema.

"Ilikuwa neno moja tu."

"Ulisemaje?"

"Nilisema nimeushuhudia mara moja, na haukwenda hivyo."

Mabati yalilia. Mtoto wa kike aliyajua maneno haya, alikuwa anayafuatisha kwa midomo.

"Mimi nilikuwa nje mlangoni na hawa watatu," alisema Mama Karli. "Nimewavika viatu. Nimeshika maua. Akatoka akaniambia."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikampiga kwa yale maua."

"Mpaka yakaisha," alisema Karli.

"Kisha nikamwuliza kazi zinapatikana wapi kwa mtu asiye na cheo, anayejua Kigogo." Aliinua kifuniko cha sufuria. "Hakujua. Nikatafuta mimi."

Nilitaka kusema kitu juu ya wazee wetu, kwamba walikusudia mema, lakini nilipomtazama niliona hahitaji. Alikuwa amenenepa kidogo. Mgongo wake ulikuwa mtupu, na alikuwa ameegemea ukuta kama mtu mwingine yeyote anayengoja chakula.

Mama Karli aligawa. Mapaja, mabawa, shingo, kila mtu na sahani yake, na mimi mgeni nikapewa kidari. Ikabaki firigisi. Watoto wote watatu wakainyooshea mikono kwa pamoja. Karli akadai ni ya mkubwa, dada yake akadai juzi aliikosa, Masika hakudai, alinyakua. Mama yao akamkunjua vidole kimoja kimoja, akaichukua, akaiweka katika sahani ya mumewe.

Kukawa na malalamiko kwa lugha tatu. Niliona uso wa Mwanafunzi ukiamka. Macho yalitoka kwa Masika yakaenda kwa Karli, yakaenda kwa mkewe, yakarudi kwenye firigisi, na mkono wake wa kulia ukaanza kupanda wenyewe, taratibu, kuelekea sikioni penye penseli.

"Kula," alisema Mama Karli.

Akala.